Bakuli la Kioo la Kiingereza: Jinsi ya Kumjua Aliyelitengeneza

Bakuli langu la kwanza nililinunua kwa pauni 4 karibu na Gateshead, kaskazini mashariki ya Uingereza, kwenye soko la Jumapili ambako watu hufungua buti za magari na kuuza vilivyowachosha kabatini. Lilikuwa la zambarau lenye mawimbi meupe, kama maziwa yaliyomwagwa kwenye juisi ya zabibu bila kukorogwa. Muuzaji akaniambia, "Hiyo ni Sowerby," yaani ya kiwanda cha kioo cha Gateshead hapohapo. Nikaamini, na karibu mwaka mzima nikawa nawaambia wageni hivyo hivyo. Siku moja nalifuta vumbi dirishani, jua la asubuhi likapita mshazari kwenye kitako, nikaona simba mdogo, anayekaribia ukubwa wa punje ya mchele, ameshika nyota. Simba mwenye nyota ni wa kiwanda cha Henry Greener wa Sunderland. Hata mji haukuwa ule.

Tangu hapo nimeacha kuanza na jina. Naanza na orodha ya wote wanaoweza kuwa wamelitengeneza, kisha nawaondoa mmoja mmoja kila bakuli linaponionyesha kwamba haliwezi kuwa lao. Mara nyingine hubaki mmoja. Mara nyingi hubaki wawili au watatu, na mabakuli mengi ya Kiingereza ya karne ya 19 hayakuwahi kutiwa jina wala nembo, kwa hiyo usione aibu jibu lako likiishia hapo.

Orodha yenyewe, kwa kifupi. Kaskazini mashariki, yaani Gateshead, Newcastle, Sunderland na South Shields, ndiko kulikokuwa na viwanda vikubwa vya kioo cha kugandamizwa kwenye kalibu: Sowerby, Davidson, Greener, Edward Moore. Manchester nako kulikuwa na kundi lake: Molineaux Webb, Percival Vickers, Burtles Tate, John Derbyshire. Stourbridge na vijiji vyake, magharibi ya Birmingham, ni nchi ya kioo cha kupulizwa na kukatwa: Thomas Webb, Stevens & Williams, Stuart. London kulikuwa na James Powell & Sons, maarufu kwa jina la Whitefriars. Wapo wengine wengi, ila ukiwa na hawa kichwani una pa kuanzia.

Osha kwanza

Nusu ya alama ninazooneshwa na watu kuwa "hazisomeki" zilikuwa zimezibwa na uchafu tu. Tumia beseni la plastiki, tandika taulo chini, maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, na mswaki laini kwa kitako. Maji ya moto yanaweza kulipasua, hasa kama kuna ufa usiouona, na mashine ya kuoshea vyombo hufifisha kioo cha zamani kisirudi tena. Kausha kwa kitambaa kisicho na manyoya.

Andaa hivi mezani: lenzi ya kukuza mara 10, mizani ya jikoni, mfuko wa wavu kama ule wa vitunguu, ndoo ya plastiki, penseli laini na karatasi nyepesi, taa ya mezani inayopinda, na tochi ndogo ya mwanga wa urujuanimno, ile wenye maduka wanayotumia kukagua noti bandia. Simu yako itapiga picha.

Hatua ya 1: Uliza vidole vyako limetengenezwaje

Fumba macho. Weka kidole gumba ndani ya bakuli na vidole vingine nje, palepale penye nakshi. Kama nje kuna milima na mabonde lakini ndani ni laini kama sahani, hicho ni kioo cha kugandamizwa. Kama ndani kunafuata nje, bonde la nje likiwa kilima ndani, basi kioo kilipulizwa ndani ya kalibu.

Sababu inaeleweka ukifikiria kinu na mchi. Fundi aliangusha donge la kioo kilichoyeyuka ndani ya kalibu ya chuma, akalikata kwa mkasi, kisha mchi wa chuma ukashushwa kwa wenzo. Kalibu ilichora nje, mchi ukalainisha ndani. Tafuta kitakoni mstari mfupi mnyoofu, kama mkunjo wa ngozi. Hilo ni kovu la mkasi, na ukilipata huna haja ya kubishana tena kuhusu njia iliyotumika.

Halafu hesabu mishono. Kalibu ilikuwa na vipande 2, 3 au 4 vinavyofunguka, na kila vilipokutana huacha uzi mwembamba uliosimama kutoka kitako kwenda juu. Viwanda vizuri vilirudisha bakuli motoni kwa muda mfupi ili mishono ilainike, kwa hiyo usiitafute tumboni peke yake: angalia kwenye miguu na chini ya ukingo, ambako moto haukufika vizuri. Andika idadi. Mabakuli mawili yanayofanana kwa nakshi lakini moja lina mishono 3 na jingine 4 hayakutoka kwenye kalibu moja, na pengine hayakutoka kiwanda kimoja.

Kioo kilichokatwa kwa gurudumu hujitambulisha kwa ukali. Pitisha gumba juu ya pembe za nakshi: kilichokatwa kina makali safi, cha kugandamizwa kina pembe zilizolegea kama sabuni iliyotumika wiki moja. Utakuta pia vilivyogandamizwa kwanza kisha vikakatwa kidogo juu yake ili vionekane ghali. Ujanja huo ni wa zamani.

Bakuli lililopulizwa bila kalibu huwa na kitovu chini, pale fito ya chuma iliposhikilia wakati fundi anamalizia ukingo. Kitovu kilichoachwa na makovu makali kwa kawaida ni cha nusu ya kwanza ya karne ya 19 au kabla. Baadaye kilisagwa kikawa duara laini lenye shimo la kina kidogo. Hiyo si sheria ya serikali, kwani kuna mafundi wa karne ya 20 walioacha makovu, lakini inasaidia.

Jambo moja linalowapoteza wengi ni ukingo. Bakuli likishatoka kwenye kalibu likiwa bado laini, fundi aliweza kulikunja mdomo likawa na mawimbi, kulivuta likawa la mviringo mrefu, au kuliacha lilivyo. Davidson walifanya hivyo sana. Kwa hiyo unapofananisha na picha, fananisha tumbo na kitako. Mdomo ni kama mtindo wa nywele.

Hatua ya 2: Ni kioo cha aina gani?

Uingereza ilijipatia sifa kwa kioo cha risasi, tangu George Ravenscroft alipopewa hataza London mwaka 1674. Ni kizito, kinang'aa, na ni laini kukata. Viwanda vya Stourbridge viliendelea nacho. Viwanda vya kugandamiza, vilivyouza kwa watu wa kipato cha kawaida, kadiri karne ya 19 ilivyosonga vilihamia kwenye kioo cha soda na chokaa, ambacho ni cha bei nafuu zaidi. Ukijua kioo chako ni kipi, umeondoa nusu ya orodha.

Watu watakuambia ligonge kwa kucha usikilize. Kioo cha risasi hulia kwa muda mrefu, ni kweli, lakini bakuli nene la kugandamizwa halilii vizuri hata likiwa na risasi, na jembamba la soda laweza kukudanganya. Mimi naamini mizani.

Pima bakuli likiwa kavu, andika gramu. Sasa weka ndoo yenye maji ya kutosha juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Tia bakuli ndani ya mfuko wa wavu, ulishike kwa uzi, ulizamishe lote bila kugusa kitako wala ukuta wa ndoo, na uhakikishe hakuna hewa iliyonaswa ndani. Mizani itaonyesha namba mpya: hiyo ni gramu za maji yaliyosukumwa, sawa na ujazo wa kioo kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Bakuli la gramu 620 lililosukuma 248 linakupa 2.5, na hicho ni kioo cha soda na chokaa. Likisukuma 205 unapata kama 3.0, na hapo una kioo chenye risasi nyingi. Rudia mara tatu. Mkono ukitetemeka namba hucheza.

Mwisho wa hatua hii, zima taa na uwashe tochi ya urujuanimno. Kioo chenye urani huwaka kijani kikali kama taa ya msikitini usiku wa Ramadhani. Usiogope kukishika, kiasi cha urani ni kidogo, ingawa mimi nisingekula humo kila siku. Kijani hafifu, cha uvivu, mara nyingi ni manganizi iliyotumiwa kuondoa rangi, na hakikuambii mengi.

Hatua ya 3: Tafuta alama kila mahali

Sasa ndiyo zamu ya alama. Kuna za aina mbili na kila moja ina njia yake.

Alama za kalibu ziliinuka pamoja na kioo chenyewe, hivyo hutafutwa kwa mwanga wa pembeni: weka taa karibu usawa wa meza na uzungushe bakuli taratibu. Angalia ndani pia, kwa kuwa hata mchi ungeweza kuchongwa nembo. Kwa kioo kisichopenyeza mwanga, funika sehemu kwa karatasi nyepesi na usugue kwa ubavu wa penseli. Unga kidogo wa ngano ukiupaka na kuufuta nao hufanya kazi, ukibaki kwenye mistari.

Alama za tindikali ni kivuli tu juu ya uso wa kioo, na huweza kukaa miaka kabatini bila kuonekana. Pulizia kitako pumzi ya mdomo kama unavyosafisha miwani. Ukungu utatanda kila mahali isipokuwa pale palipopigwa mhuri, ama utakaa hapo kwa namna nyingine, na herufi zitajitokeza kwa sekunde mbili tatu. Maneno kama "Stuart England" au "Webb England" hupatikana hivyo, na ni ya karne ya 20, hasa kuanzia miaka ya 1920. Ukilikuta neno "England" usilipeleke bakuli enzi ya Malkia Victoria kwa pupa.

Hatua ya 4: Alama ya uru

Kama umewahi kucheza karata unaijua uru. Kuanzia 1842 hadi 1883, mwenye kiwanda aliyesajili umbo au nakshi serikalini alipewa haki ya kutia kwenye bidhaa alama yenye umbo hilo, katikati yake herufi Rd, kifupi cha "registered", yaani imesajiliwa. Juu kabisa kuna kiduara chenye namba ya Kirumi inayotaja aina ya bidhaa. Kioo ni III. Ukiona IV, hiyo ni kauri.

Ndani ya pembe nne za uru kuna herufi na namba, na mpangilio ulibadilika mara moja. Tazama pembe ya juu, chini ya kiduara. Ikiwa na herufi, alama ni ya 1842 hadi 1867: juu ni mwaka, kushoto mwezi, kulia siku, chini namba ya fungu. Ikiwa na namba, ni ya 1868 hadi 1883: juu ni siku, kulia mwaka, chini mwezi, kushoto namba ya fungu.

Miaka ya kipindi cha pili: X 1868, H 1869, C 1870, A 1871, I 1872, F 1873, U 1874, S 1875, V 1876, P 1877, D 1878, Y 1879, J 1880, E 1881, L 1882, K 1883. Kwa kipindi cha kwanza toa 26 kwenye kila mwaka: X inakuwa 1842, H 1843, na kuendelea hadi K, 1857. Zilizobaki za kipindi cha kwanza ni B 1858, M 1859, Z 1860, R 1861, O 1862, G 1863, N 1864, W 1865, Q 1866 na T 1867. Kuna tofauti chache, kwa mfano siku 6 za mwanzo za Machi 1878 zilipewa herufi W.

Miezi ni ile ile kwa vipindi vyote viwili: C Januari, G Februari, W Machi, H Aprili, E Mei, M Juni, I Julai, R Agosti, D Septemba, B Oktoba, K Novemba, A Desemba.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, juu pana 10, kulia P, chini I. Hiyo ni tarehe 10 Julai 1877. Namba ya fungu iliyo kushoto usiipuuze: siku moja walisajili watu wengi, na fungu ndilo linalowatenganisha.

Januari 1884 uru iliachwa, zikaanza namba mfululizo kutoka 1, zikitanguliwa na "Rd" au "Rd No". Kufikia mwanzo wa 1890 zilikuwa zimepita 141,000. Mwanzo wa 1900 zimepita 351,000. Namba 320124, ya 1898, ni ya Davidson. Vivyo hivyo 130643 ya 1889 na 413701 ya 1903. Wakusanyaji wamezipa nakshi za Davidson majina, mengine ya kifalme na ya mabibi wakubwa. Majina hayo ni ya wakusanyaji wenyewe, yalikuja baadaye, usitegemee kuyakuta kwenye daftari za kiwanda.

Hapa nasimama kidogo, maana ndipo palipo na makosa mengi kuliko pengine pote. Alama ya usajili inakuambia lini umbo lilisajiliwa na nani alilisajili. Haikuambii bakuli lako lilitengenezwa lini, na mara nyingine haikuambii lilitengenezwa na nani. Kalibu ya chuma ni mali, huuzwa na kurithiwa. Kiwanda cha W. H. Heppell cha Newcastle kilipofungwa katika miaka ya 1880, kalibu zake zilikwenda kwa Davidson, ng'ambo ya mto, uru zikiwa bado zimechongwa humo. Sowerby nao walitoa kalibu za enzi ya Victoria ghalani katika miaka ya 1920 na kuzigandamizia kioo chenye rangi za mafuta juu ya maji, kile kinachoitwa kaniva. Bakuli lao lenye pomboo watatu chini, nakshi ya miaka ya 1880, linapatikana kwa sura hiyo. Rangi ya kaniva ndiyo itakayokuambia ukweli pale alama inapokupeleka miaka 40 nyuma.

Na mwenye usajili si lazima awe na tanuri. Namba 702446, ya mwisho wa 1923, iko kwenye vyombo vingi mno vya nakshi iitwayo Jacobean. Aliyesajili ni Clayton Mayers, wauzaji wa London. Vingi vilitengenezwa na Josef Inwald huko Czechoslovakia. Vingine vikatengenezwa na Davidson. Namba ya Kiingereza, kioo cha Bohemia, jimbo la nchi hiyo.

Hatua ya 5: Tausi, simba na nanga

Nembo za kalibu za Kiingereza ni chache kiasi kwamba unaweza kuzikariri unapongojea chai ichemke.

Kichwa cha tausi ni Sowerby, Ellison Glass Works, Gateshead. Kilianza 1876. Ni kidogo, kimegeuka upande, na kikichakaa hufanana na alama ya kuuliza yenye nywele. Hawakuacha kukitumia mapema, kwa hiyo chenyewe hakikupi muongo. Kipe uzito pale tu kinapokaa pamoja na uru.

Simba ni wawili, ama niseme watatu, na hapo ndipo nilipoanguka. Simba anayechomoza kutoka juu ya mnara wa ngome ni George Davidson, Teams Glass Works, Gateshead, hasa miaka ya 1880. Simba aliyeinua mguu wa mbele ameshika nyota ni Greener wa Sunderland, kuanzia katikati ya miaka ya 1870 hadi takriban 1885. Simba yuleyule akishika shoka ni Greener pia, kuanzia 1885. Tumia lenzi, tazama mguu wa mbele, na uulize ana nini mkononi. Kama hana nyota wala shoka na chini yake pana mnara, ni wa Davidson.

Nanga yenye herufi JD ni John Derbyshire, upande wa Manchester, miaka ya 1870. Ni ya muda mfupi, kwa hiyo ukiipata shangilia.

Hazipo nyingine nyingi za kukariri. Molineaux Webb, Percival Vickers na Burtles Tate hutambuliwa kwa usajili na vitabu vya nakshi zaidi ya nembo.

Hatua ya 6: Kama hakuna alama yoyote

Sasa rudi kwenye yale uliyoandika katika hatua mbili za kwanza, kwani ndiyo mtaji wako.

Kioo cha kugandamizwa cha rangi ya bluu au manjano, kinachogeuka kuwa cheupe kama maziwa kwenye ukingo na ncha za nakshi, kinaelekea kuwa Pearline ya Davidson, waliyoipatia hataza 1889. Weupe huo haukupakwa: kioo kilichanganywa ili sehemu itakayorudishwa motoni igeuke yenyewe. Ya manjano huwaka kijani chini ya tochi kwa sababu ina urani. Ya bluu haiwaki hivyo. Wengine waliiga, kwa hiyo tafuta namba ya Rd kabla ya kukata shauri.

Bakuli zito, pana, lenye michirizi myeusi zaidi iliyozunguka ndani ya kioo kama moshi wa udi, aghalabu la zambarau, kaharabu au kijani, ni mtindo wa Davidson wa kuanzia 1923, unaoitwa kioo cha mawingu. Michirizi iliongezwa kabla ya kugandamiza, ndiyo maana hakuna mawili yanayolingana. Wajerumani walitengeneza ya kwao pia, kiwanda cha Walther kikiwemo, na hapo nakshi na vipimo vya kitako ndivyo vitakavyokata kesi.

Ya bluu-nyeupe ya maziwa, ya miaka ya 1930, yenye ndege au samaki kwa mtindo wa Lalique wa Ufaransa, yafikirie Jobling wa Sunderland, waliorithi kiwanda cha Greener. Namba ya Rd kwa kawaida ipo.

Lililopulizwa, jembamba, linalofifia kutoka waridi juu hadi manjano chini, uso wake ukiwa wa kufifia kama ganda la yai, laweza kuwa la kiwanda cha Thomas Webb, kilichopata leseni ya kioo hicho mwaka 1886 kutoka kiwanda cha Mt. Washington cha Massachusetts. Tafuta mhuri wa duara wa tindikali unaotaja Queen's Burmese. Usipokuwepo, Marekani bado imo kwenye orodha.

Whitefriars hawakuwa watu wa alama. Walibandika lebo za karatasi zenye mtawa mdogo mweupe, na lebo huoshwa na mama wa nyumbani siku ya kwanza. Mabakuli yao ya miaka ya 1930 yenye utepe wa kioo uliozungushwa nje hutambuliwa kwa rangi, kitovu kilichosagwa na vipimo vinavyolingana na katalogi. Kiwanda kilihama katikati ya London kwenda Wealdstone 1923 na kufungwa 1980.

Kuhusu mabakuli mazito yaliyokatwa, ya mwanzo wa karne ya 19, yanayoitwa "Waterford" na kila muuzaji: kiwanda cha kale cha Waterford kilidumu 1783 hadi 1851, kilikuwa Ireland, na mafundi na nakshi zilivuka bahari kwenda na kurudi. Bila alama wala hati, andika "Uingereza au Ireland" na ulale salama.

Kuhusu nyumbani, neno moja. Majumba ya zamani ya Lamu, Mombasa na Unguja yalipambwa kwa vyombo kutoka nje vilivyopangwa kwenye zidaka, na bakuli la bibi laweza kuwa mojawapo. Kutawaliwa na Mwingereza hakufanyi bakuli kuwa la Kiingereza. Bohemia iliuza kioo dunia nzima, na meli hazikuchagua bendera ya kiwanda. Hatua ni zile zile.

Hatua ya 7: Pima uzee kitakoni

Geuza bakuli uangalie duara linalogusa meza. Miaka 120 ya kuvutwa kwenye makabati huacha mikwaruzo mingi myembamba, ya urefu tofauti, inayokwenda kila upande, na iko pale tu panapogusa. Mikwaruzo yote ikienda upande mmoja, au ikifika hata kwenye shimo ambalo haliwezi kugusa meza, mtu alitumia msasa. Kitako kisicho na hata mkwaruzo kinaweza kuwa cha bakuli lililokaa sandukuni, lakini anayedai hivyo ndiye anayepaswa kuonyesha sanduku.

Hatua ya 8: Nenda kwenye daftari na makabati ya makumbusho

Daftari za usajili ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, London. Za 1842 hadi 1883 ziko kwenye mifululizo ya BT 43, yenye michoro na sampuli, na BT 44, yenye majina. Za kuanzia 1884 hadi takriban 1908 ziko BT 50 na BT 51. Katalogi yao inatafutwa bure mtandaoni. Ukiwa na tarehe na namba ya fungu kutoka kwenye uru, au namba ya Rd, unaweza kufika hadi jina la aliyesajili, na ukienda mwenyewe, hadi mchoro aliouleta. Hakuna muuzaji wala mtaalamu anayeshinda mchoro huo.

Kwa macho, nenda Shipley Art Gallery mjini Gateshead kwa Sowerby na Davidson. Kwa Stourbridge kuna jumba la makumbusho ya kioo lililofunguliwa Wordsley mwaka 2022, na kwa historia nzima kuna vyumba vya kioo vya Victoria and Albert Museum, London. Usipoweza kusafiri, matangazo ya viwanda ndani ya jarida la biashara la Pottery Gazette yana michoro, na maktaba nyingine zina vitabu vya nakshi vilivyochapishwa upya.

Unapofananisha, usiridhike na "inafanana". Pima kipenyo cha kitako kwa milimita, hesabu meno ya nyota iliyo chini, hesabu vishada kuzunguka tumbo. Nakshi iliyopendwa iliigwa na jirani, ila mwigaji hakuwa na haja ya kuhesabu: bakuli lako lina 24, lake 20. Mara mbili nimeokolewa na hesabu ya meno ya nyota.

Hatua ya 9: Kadi

Kila bakuli langu lina kadi ndani yake: uzito, uwiano wake na maji yaliyosukumwa, mishono, alama na mahali ilipo, mahali na siku niliponunua, bei. Chini kabisa naandika jina kwa ngazi tatu. "Greener" peke yake maana yake nina nembo. "Inahusishwa na Greener" maana yake nakshi na vipimo vinalingana na bakuli lenye nembo nililoliona. "Kaskazini mashariki, takriban 1880" maana yake kioo na ufundi vinaelekea huko na sina zaidi.

Lile la zambarau kadi yake ina jina la Sowerby lililopigwa mstari, na kando yake: simba, nyota, Sunderland. Nimeuacha mstari uonekane.